Jinsi ya kusikiliza tumbo lako nyumbani, na wakati wa kuacha kusikiliza ukaenda hospitali

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam, na nyumbani kwangu ni Mbagala. Haipiti wiki bila mtu kunisimamisha, mara kwenye genge la nyanya, mara kituoni nikisubiri daladala: "Sista, samahani, tumbo langu linanguruma mno. Hii si ngiri kweli?" Wengine wanakuwa wameshanunua chupa ya mitishamba, kwa sababu bango la barabarani limewaambia kwamba tumbo kunguruma, gesi na choo kama cha mbuzi ni dalili za ngiri na za kupungua nguvu za kiume. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Ngiri ni utumbo au mafuta ya ndani ya tumbo kupenya kwenye uwazi wa misuli, kinenani, kitovuni au penye kovu la upasuaji. Ina uvimbe unaoonekana au kushikika, unaotokeza ukikohoa au ukinyanyua ndoo ya maji, na mara nyingi unarudi ndani ukilala. Mngurumo peke yake si ngiri. Choo cha mbuzi nacho ni kinyesi kilichokaa sana kwenye utumbo mpana mpaka kikanyonywa maji yote.

Karibu wote wanaonisimamisha hivyo wana matumbo mazima. Wagonjwa walionitisha kazini, wengi hawakuletwa kwa sababu ya kelele za tumbo. Waliletwa na tumbo lililonyamaza. Hilo ndilo linalonifanya niandike hapa hatua kwa hatua namna ya kusikiliza. Sikio halitakupa jina la ugonjwa, ila litakuzoesha tumbo lako la siku zote, ili siku likibadilika ujue limebadilika na uwe na maneno ya kumwambia daktari.

Mlio unatoka wapi

Utumbo ni bomba lenye misuli. Misuli hiyo inajibana kwa zamu na kusukuma mbele kilichomo ndani, yaani chakula kilichosagika, majimaji na hewa. Hewa na maji vikipita pamoja mahali pembamba vinapiga kelele, kama bomba la uani maji yanaporudi baada ya mgao.

Watu wengi wanadhani tumbo linanguruma kwa njaa tu. Ukweli ni kwamba ukikaa muda bila kula, tumbo na utumbo mwembamba vinaanza kujifagia. Wimbi la mibano linaanzia juu na kushuka taratibu, likisukuma mabaki, na linajirudia kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi. Kwa kuwa ndani hakuna chakula cha kufunika sauti, unasikia kila kitu. Ndiyo maana tumbo linakuaibisha msikitini au kanisani asubuhi kabla hujanywa chai, kisha linanyamaza lenyewe hata kama hujala. Na ukishakula, utumbo mpana nao unaamka, ndiyo maana kuna watu kikombe cha kwanza cha chai kinawapeleka moja kwa moja chooni. Hao ni wazima.

Hatua ya kwanza: tafuta saa na mahali

Dar ni jiji la kelele, na hapa kelele ndiyo adui. Feni inavuma, jirani ana spika, bodaboda zinapita dirishani. Saa nzuri ni alfajiri, saa kumi na moja hivi, kabla ya kula chochote. Zima feni. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinabadilisha sauti ukigonga, na kinakukosesha utulivu. Lala chali kitandani au kwenye mkeka, weka mto chini ya kichwa, kunja magoti kidogo ili misuli ya tumbo ilegee. Jana yake usiku usinywe soda wala kutafuna bigijii, la sivyo utasikiliza hewa uliyoimeza.

Cha kusikilizia: stetoskopu ni bora, na maduka ya vifaa vya hospitali Kariakoo wanazo. Kama huna, mwenzako anaweza kulaza sikio moja kwa moja juu ya tumbo, au kutumia karatasi ngumu iliyoviringishwa kama bomba, upande mmoja tumboni, mwingine sikioni. Usiidharau karatasi. Daktari Mfaransa René Laennec alianza hivyohivyo mwaka 1816 huko Paris. Aliviringisha karatasi ili asikilize moyo wa mgonjwa, na stetoskopu ikazaliwa hapo.

Hatua ya pili: angalia na uulize kabla ya kugusa

Hospitalini tunafundishwa kuangalia tumbo, kulisikiliza, kisha ndipo kuligusa. Ukianza kwa kubonyezabonyeza unaweza kuuamsha utumbo, na utakachosikia ni kazi ya vidole vyako.

Angalia: je, tumbo limelala au limewamba kama ngoma? Upande mmoja umejaa kuliko mwingine? Kuna kovu la upasuaji? Kovu lina maana kubwa, kwa sababu ndani yake panaweza kuwa na nyuzi zilizoshikanisha utumbo, na nyuzi hizo zinaweza kuja kuubana hata miaka mingi baadaye. Kinenani je, pana uvimbe?

Kisha maswali manne, na haya nakuomba uyashike kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Kuna maumivu? Kuna kutapika? Choo kimetoka lini? Hewa inatoka? Mlio wowote utakaousikia hauna maana mpaka uwe na majibu ya maswali hayo manne.

Hatua ya tatu: sikiliza

Anzia kulia, chini ya kitovu, katikati ya kitovu na mfupa wa nyonga. Hapo ndipo utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na milio husikika vizuri. Weka stetoskopu kwa wepesi, usikandamize. Tazama saa ya simu na uhesabu kila mlio kwa dakika moja nzima.

Usishangae ukikosa kitu sekunde ishirini za mwanzo, kisha ukasikia "gluk, gluk", halafu kimya tena, halafu mfululizo mrefu kama maji yanayomiminwa kutoka dumu lenye shingo nyembamba. Tumbo halipigi kwa mpangilio kama moyo. Vitabu vingi vya uuguzi vinataja milio kati ya 5 na 30 kwa dakika kuwa ya kawaida, na upana wa namba hizo wenyewe unakuonyesha kwamba mtu na mtu hawafanani. Kabla ya kusema tumbo liko kimya, sikiliza dakika tano kamili. Wengi wanakata tamaa baada ya nusu dakika.

Kisha hamia kushoto chini, kushoto juu, kulia juu. Sauti inasafiri ndani ya tumbo, kwa hiyo mlio unaousikia kushoto unaweza kuwa umeanzia kulia. Usijisumbue kutafuta utumbo gani hasa umelia.

Rudia saa moja baada ya kula, na rudia siku nyingine mbili tatu. Asubuhi moja haitoshi.

Unachosikia

Mngurumo mzito wa chini, unaokuja na kuondoka, bila maumivu: utumbo unafanya kazi. Endelea na maisha yako.

Milio mingi, ya haraka, ya majimaji, pamoja na kuharisha: utumbo unakimbiza maji. Hapa usihangaike na milio, hangaika na maji yanayopotea. Anza ORS mapema, mtoto apewe na zinki, na ukiona choo kinatoka kama maji ya mchele, wahi kituo cha afya bila kusubiri kuche, kwa sababu kipindupindu kinakausha mtu ndani ya saa chache.

Kelele nyingi na gesi baada ya vyakula fulani: mara nyingi ni chakula chenyewe. Maharage na kunde vina sukari ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuivunja. Ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha, na gesi inatoka hapo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika na maji mapya. Utapata nafuu kiasi. Maziwa ni habari nyingine. Waafrika wengi tukishakuwa watu wazima miili yetu inapunguza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kwa hiyo mtu anakunywa glasi ya maziwa fresh saa mbili, saa nne tumbo linachemka na anatafuta choo. Mtindi unawasumbua wengi kidogo zaidi, kwa kuwa sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria wa kugandisha.

Mlio mwembamba, wa juu, kama matone yanayodondoka kwenye sufuria, unaokuja pamoja na wimbi la maumivu ya kusokota, kisha maumivu yanalegea, kisha yanarudi: huo sitaki uukalie. Utumbo unaweza kuwa unasukuma mahali palipoziba.

Na kimya. Nitakirudia mwisho.

Hatua ya nne: gonga, kama tumbo haliumi

Sote hapa mjini tunajua kugonga tanki wakati maji yamekatika. Unagonga kutoka juu kushuka, na sauti inapobadilika kutoka tupu kuwa nzito unajua maji yameishia wapi. Daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, aliyekuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aliandika mwaka 1761 kuhusu kugonga kifua cha mgonjwa kwa namna hiyo, na inasemekana aliona baba yake akigonga mapipa ya mvinyo.

Laza kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu ya tumbo, kigonge kwa ncha ya kidole cha kati cha kulia, mara mbili, kwa kulegeza kifundo cha mkono. Sehemu kubwa ya tumbo itatoa sauti tupu ya ngoma, kwa sababu ya hewa. Chini ya mbavu za kulia sauti ni nzito: ndilo ini. Kama pembeni mwa tumbo, kulia na kushoto, sauti ni nzito unapolala chali, na tumbo limekuwa likikua wiki hadi wiki huku uso unakonda, huenda kuna maji tumboni. Nenda ukapimwe kwa ultrasaundi.

Kuna kipimo kingine nakipenda, nakiita kipimo cha dumu. Mtu akae saa nne bila kula wala kunywa. Alale chali, wewe weka sikio karibu na sehemu ya juu ya tumbo, kisha mtikise nyonga kwa upole kushoto na kulia. Aliyetoka kunywa maji atasikika akichapachapa, na hiyo ni kawaida. Lakini baada ya saa nne tumbo linatakiwa liwe limeshamwaga kilichomo. Likichapachapa kama dumu lililojaa nusu, na mtu huyo anatapika chakula alichokula jana, anajisikia kushiba kwa matonge mawili ya ugali na anapungua uzito, mlango wa kutokea chakula tumboni huenda umebanwa. Unaweza kuwa umebanwa na kovu la kidonda cha siku nyingi au na uvimbe. Anahitaji daktari wiki hii.

Mjamzito na aliyefanyiwa upasuaji karibuni wasigongwe wala kutikiswa.

Hatua ya tano: daftari

Chukua daftari la kawaida na uandike wiki mbili. Saa, ulichokula, milio kwa dakika, gesi, maumivu, choo kilivyokuwa. Usione haya kuandika choo. Siku moja dada mmoja muuza chapati alinionyesha daftari lake lililochafuka unga, na bila hata kumgusa niliona kwamba siku zote za maumivu zilikuwa siku alizokunywa chai ya maziwa pamoja na wateja wake watatu wa mwanzo. Aliacha maziwa siku kumi, akapata nafuu, akayarudisha kuihakikishia nafsi yake, tumbo likarudi. Hakutoa shilingi kwa kipimo.

Sikio halioni nini

Haliwezi kusikia vidonda vya tumbo. Haliwezi kusikia bakteria wa vidonda, wala saratani inayoanza. Hata madaktari wakipewa rekodi za milio ya matumbo bila kumwona mgonjwa, wanatofautiana sana. Kwa hiyo mtu akikuwekea simu tumboni, au akakushikisha ile mashine ya mkononi inayodai kupima mwili mzima kwa dakika moja, akakuambia una vidonda, ini limechoka na nyongo imejaa, mwachie mashine yake uondoke na hela yako.

Utafiti wa kweli upo. Barry Marshall wa Australia, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2005 pamoja na Robin Warren kwa kugundua bakteria wanaosababisha vidonda, alianzisha na wenzake huko Perth kazi ya kutengeneza mkanda wa kurekodi milio ya tumbo, wakiazima wazo kwa vifaa vinavyosikiliza mchwa ndani ya kuta. Mkanda huo unasikiliza kwa muda mrefu na kompyuta inachambua. Sikio lako la dakika tano halishindani na hilo.

Vipimo visivyoingiza mpira wa kamera kooni vipo hapa hapa, na nakusihi uviulize. Kipimo cha choo cha kutafuta chembe za bakteria wa vidonda, au cha pumzi, vinaonyesha kama bakteria wapo sasa hivi. Kipimo cha damu cha kingamwili hakitofautishi maambukizi ya leo na ya zamani. Kabla ya kipimo cha choo au pumzi, mweleze daktari kama unakunywa omeprazole au ulimaliza antibayotiki karibuni. Kwa kawaida omeprazole husimamishwa wiki mbili na antibayotiki wiki nne, vinginevyo majibu yanaweza kusema huna wakati unao. Watu wengi hapa mjini wanajinunulia omeprazole duka la dawa kama pipi, kisha wanashangaa vipimo vinapingana.

Ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, damu kwenye choo, chakula kukwama unapomeza, au kukonda bila sababu, hapo mpira wa kamera hauepukiki. Kubali.

Wakati wa kuacha kusikiliza

Toka nyumbani, nenda hospitali, mchana au usiku, ukiona haya: maumivu yasiyoachia, tumbo gumu kama ubao, kutapika nyongo ya kijani au kitu chenye harufu ya choo, tumbo kuwamba huku choo na hewa vyote vimefunga, ngiri ya siku zote ambayo leo imekuwa ngumu, inauma na hairudi. Mtoto mchanga anayelia kwa vipindi akikunja miguu, kisha anatoa choo chenye damu kama jeli, asisubiri. Mwenye homa ya matumbo ambayo haikutibiwa vizuri, akishtukia maumivu makali ghafla, utumbo unaweza kuwa umetoboka. Anza na zahanati kama ndiyo iliyo karibu, ila wakikuandikia rufaa ya Temeke, Amana, Mwananyamala au Muhimbili, usirudi kwanza nyumbani kujipanga. Njiani mgonjwa asile, asinywe, asipewe dawa ya kulainisha choo, wala asipigwe bomba la maji ya sabuni.

Mwaka mmoja wa mvua za masika, kijana wa nyumba ya tatu aliniita kwa baba yake. Mzee alikuwa mtu wa kufunga choo siku nyingi. Siku mbili tumbo lilikuwa likimsokota na kupiga kelele hadi chumba cha pili walisikia, na mahali walipompeleka kwanza alipewa dawa ya gesi akarudishwa. Asubuhi ile kijana alinipokea akiwa na ahueni usoni. "Shikamoo Sista. Afadhali leo. Limetulia, halipigi tena kelele."

Niliingia. Mzee alikuwa amelala chali, macho yameingia ndani, mikono ameiweka kando ya tumbo kama anayeogopa kuligusa. Tumbo lilikuwa limewamba, ngozi inang'aa. Niliweka stetoskopu kulia chini ya kitovu nikatazama saa ya ukutani. Dakika moja. Ya pili. Nilisikia pumzi zake, nilisikia moyo wake ukipiga kwa mbali, nilisikia mvua kwenye bati. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kutoka tumboni hapakuja kitu. Nikauliza: "Mzee, hewa imetoka?" Akatikisa kichwa. Utumbo ule ulikuwa umepambana siku mbili, ukachoka.

Tulimpakia kwenye bajaji, maji yamefika magurudumuni. Usiku ule alipasuliwa, wakakuta utumbo mpana umejisokota na kipande chake kimeanza kufa. Wakakikata.

Wodini baada ya upasuaji wa tumbo swali la asubuhi ni hilohilo moja, na wagonjwa wanalijua: umejamba? Utumbo mwembamba huwahi kuamka, mara nyingi ndani ya siku moja. Utumbo mpana huchukua siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Kijana nilimuuliza kila siku hali ya baba yake, naye alinijibu kila siku kwa sauti ya chini: bado, Sista. Siku ya nne, saa nane usiku, simu yangu iliita. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Sista, samahani kwa usiku huu. Mzee amejamba."